Mlio wa Kaseti Siku ya Kupambwa Zuhura

Aibu hii bora niisimulie mwenyewe, maana ikisimuliwa na shangazi yangu (naye huisimulia kila harusi) inakuwa mimi nilileta jini Likoni, na wallahi sikuleta jini, nilileta kaseti.

Tulipokuwa wadogo, miaka ya themanini, jirani yetu Bwana Salim, baharia, alirudi safari na kompyuta ya kuunganishwa na televisheni. Mchezo wake ulikuwa ndani ya kaseti, hizi hizi za taarabu. Ukiiweka inapiga ukelele wa ajabu, unangoja, unangoja, kisha kwenye kioo anatokea mtu mdogo wa kijani mbele ya mto wa moto. Nilikaa pale sakafuni hata kumeza mate nikasahau. Halafu Bwana Salim akahamia Uarabuni, akamwachia mama kaseti zake za taarabu, kompyuta akaenda nayo.

Miaka ya tisini vyuo vya kompyuta vikafunguliwa Kisauni, nami nikaviingia kimoja kimoja kuuulizia mchezo ule (jina silijui, naeleza kwa mikono), wakanitazama kwa huruma. Nyumbani ndiyo kabisa. Mdogo wangu Zuhura, tuliyekaa naye sakafu ile ile, akaniambia, "Kaka, hayo uliyaota na homa." Nikaingiwa na shaka, na iliniuma, kwamba kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona huenda hakikuwepo.

Sasa siku ya Zuhura kupambwa, mimi ndiye niliyewekwa kwenye deki ya kupigia kaseti, nje, nyuma ya pazia, maana ndani ni wanawake peke yao. Katika sanduku la kaseti za mama nikaikuta moja haina jina, ina wino mwekundu pembeni kama aliokuwa akitia Bwana Salim. Nikaitia kwenye deki. Ndani kulikuwa kimya, nikadhani wanakula sambusa, nikasema nisikilize kidogo tu. (Kumbe kimya kile ni bi harusi anatolewa kwenda jukwaani, na mimi spika sikuzizima!)

Subhanallah! Ulikuwa mlio ule ule. Ndani viti vinaanguka, mama mkwe wa Zuhura anasoma Ayatul Kursi kwa sauti, shangazi anapiga kelele, "Zima, mwana we! Wataka kututilia bi harusi wazimu?" Ningezima, lakini sikutaka uishe. Nilisimama machozi yananitoka, kwa kuwa ule mto mzima wa moto ulikuwa umo mle ndani ya kelele, na miaka yote ile ulilala chini ya kitanda cha mama.

Ndipo kutoka jukwaani, mahali ambapo bi harusi huinamisha macho, hasemi wala hacheki, nikamsikia Zuhura amepasuka kwa kicheko, "Kaka! Rukia kobe! Rukia kobe!"

Kobe! Nilikuwa nimewasahau kabisa wale kobe waliokuwa wakielea juu ya moto.

Shangazi akatoka na chetezo mkononi, akaichomoa kaseti, akauvuta utepe wote nje na kuutia kwenye makaa ya ubani. Mama mkwe hakunisemesha mpaka alipozaliwa mjukuu. Nami nimeapa, deki ya harusi ya mtu siigusi tena maishani. Mchezo sijaupata hata leo, wala siutafuti. Ulikuwepo, na aliyenitolea ushahidi ni bi harusi mwenyewe, mbele ya wanawake wote wa mtaa.