Kovu la Marehemu Odongo

Tangu Jumamosi nikisikia hodi naruka. Mimi, niliyeishia darasa la nne, mwenye kompyuta ya kwanza ya kuchora mtaani kwetu Kisumu!

Mama Akoth aliniletea picha ya marehemu mumewe, Odongo, nimchore kwenye bango la mazishi. Mistari ya uso ilitoka imechongoka kama meno ya msumeno, nikaiamuru kompyuta ilainishe, tena na tena. Kovu la shavuni likafutika. Nilidhani ni uchafu wa picha.

"Marehemu hajawahi kupendeza hivi," nikajisifu.

Jumamosi hiyo, mazishini kule Asembo Bay, bango lilipoinuliwa, waombolezaji walianza kunong'onezana. Pacha wa marehemu, Opiyo, akatoka mbele akipapasa shavu lake lisilo na kovu.

"Bwana Fundi," akasema, "nimekukosea nini, unizike nikiwa hai?"