Siku Tuliyowaketisha Wageni Chini

Nilirudi Ngulyati nikiwa na mvi kidevuni na begi moja. Nilikuwa nimechimba dhahabu Geita, nimepakia magunia ya dagaa Lamadi, nimeuza mitumba Kahama, nimelinda duka la vipuri Mwanza mpaka mwenye duka akafilisika. Ndivyo nilivyoumbwa: mji nikiwa ndani yake nauona haufai, nikiuacha naulilia. Mama alinipokea kwa michembe ya viazi na karanga kama mtoto aliyetoka shule, kisha akaniambia bila kunitazama, "Safari hii ukitaka kuondoka usiniage. Ondoka tu."

Baba alikwisha kufa, dada zangu wameolewa mbali. Mama alikuwa analima pamba peke yake, mgongo umepinda. Nikamwahidi kwamba sasa nimefika. Lakini mtu wa umri wangu hawezi kukaa kwa mama yake akila michembe mwaka mzima. Nikipata kazi ya karibu, nitabaki. Nikiikosa, miguu yangu naijua.

Kazi ilipatikana Bariadi. Kulikuwa na majengo mapya ya serikali, ya ofisi ambayo sitaitaja, yenye vioo vya bluu na mashamba ya mahindi yakiyazunguka pande zote. Rangi haijakauka, watu wakaanza kuyabeba kidogokidogo: leo koki za maji, kesho nyaya, kesho kutwa kiyoyozi kizima. Mgeni akiegesha pikipiki yake akaingia ndani, akitoka anakuta haina betri. Afisa aliyesimamia majengo hayo, mtu mnene mwenye sauti nzuri ya redio, akasema kianzishwe kikosi cha ulinzi cha wananchi wenyewe. Akatafuta mtu wa kukiongoza, na kila aliyemuuliza alimtajia baba yangu mdogo.

Baba mdogo ndiye alikuwa mtemi wa sungusungu wa kijiji chetu, yaani mkubwa wa lile jeshi la jadi linalokimbiza wezi wa ng'ombe. Hakuwa mtu wa maneno. Ng'ombe wakiibwa, unapigwa mwano, ule ukelele mrefu ambao kwetu kila mtoto anaujua kabla hajajua kuhesabu. Ukipigwa, unaacha jembe, unaacha chakula, unatoka. Asiyetoka anatozwa faini. Njia zinafungwa, na wote waliokutwa ndani wanakaa chini mpaka kilichopotea kionekane. Anayesimama ndiye anayeshukiwa. Kwa utaratibu huo baba mdogo alikuwa amemaliza wizi wa mifugo, na afisa akamfuata mpaka nyumbani kwake, akanywa maziwa, akamsifu.

"Nataka unifanyie mjini yale uliyofanya huku," akamwambia. Nilikuwepo. Hayo ndiyo maneno yake.

Tukachaguliwa kutoka vijiji vya karibu, mimi nikiwemo kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na Kiswahili changu kilikuwa kimetembea. Askari mmoja mstaafu alitufundisha kwenye uwanja wa mpira. Kupiga saluti, kusimama wima, kumwambia mgeni "karibu" na kumwelekeza ofisi. Wazee waliozoea kujifunga shuka za lubega na kushika fimbo walivalishwa vizibao vya kung'aa, wakachekana.

"Unafanana na mfanyakazi wa barabara."

"Na wewe unafanana na barabara yenyewe."

Baba mdogo alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, na kitu kikiibwa, mwano anapiga nani?"

Askari akacheka. "Mzee, hapa kuna simu. Unampigia bosi."

"Nikishampigia, mwizi yuko wapi?"

Wote tukacheka, askari naye, na swali likaishia hapo.

Ile ilikuwa miezi mizuri. Naikumbuka kuliko miaka yangu ya Kahama. Asubuhi nilipanda baiskeli na baba mdogo, jioni tukarudi na sukari ya mama. Wizi ulikoma kabisa. Tulichonga benchi refu, tukaliweka kivulini ndani ya geti, na watu wa vijijini waliofuata mambo yao ofisini walikaa pale wakinywa maji ya bomba. Baba mdogo aliwaamkia mmoja mmoja, "Mwangaluka," akauliza habari za mji wake, mvua yake, ng'ombe wake, ndipo akauliza kilichomleta. Afisa alipita akiona, akatabasamu. Mama aliacha kunitazama miguu.

Kisha wakaja wageni kutoka Dodoma.

Tuliambiwa mapema: wageni wakubwa, ulinzi usilegee, sindano isipotee. Yakafungwa maturubai, ikaletwa ngoma, kina mama wa mjini wakapika pilau nyuma ya jengo. Magari yaliingia kwa msafara, meupe, yakapangwa. Mkubwa wa msafara alikuwa mama mmoja mrefu mwenye miwani, mwenye heshima zake. Hotuba zilikwenda vizuri. Watu wakaanza kula.

Ndipo kijana mmoja wa ule msafara, aliyevaa suti, akaja getini anatweta. Begi lake jeusi halimo ndani ya gari. Lina kompyuta, lina kila kitu.

Baba mdogo alimwangalia vizuri. "Umelisahau au limeibwa?"

"Limeibwa, mzee! Nakwambia limeibwa. Nyinyi mnalinda nini hapa?"

Mtu wa mjini anasema "limeibwa" kama anavyosema "nimechoka." Kwa baba mdogo hilo neno lina kazi moja tu. Alipuliza filimbi, akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano.

Sijausikia mwano kama ule tangu utotoni. Walinzi wote waliacha nafasi zao wakaja mbio. Geti likafungwa. Kina mama wa pilau waliacha miko ndani ya sufuria, wakaitikia. Wacheza ngoma wakaitikia. Nje, waendesha bodaboda wakalaza pikipiki zao barabarani bila kuambiwa na mtu. Na mimi pia nilipiga, koo langu lilifunguka lenyewe, na sitadanganya, nilijisikia mtu wa kwetu kuliko siku yoyote.

"Kaa chini!" akasema baba mdogo. "Wote. Kaa chini!"

Wakakaa. Wapishi, madereva, wakulima wa kwenye benchi, makarani wetu waliozaliwa Dutwa na Maswa, wote walikaa kama nyasi zilizolazwa na upepo. Uwanja mzima ukawa chini isipokuwa wageni wa Dodoma, pamoja na afisa wetu, waliobaki wamesimama na sahani mkononi. Na kwa sheria ya mwano, unajua anayesimama ni nani.

Baba mdogo akamwendea yule mama mwenye miwani. Alivua kofia yake kwanza. "Mayu, mama yangu, naomba ukae. Itakuwa kidogo tu."

Afisa akaja anakimbia, pilau linamwagika. "Mzee! Una wazimu? Unajua unaongea na nani?"

"Simjui. Ndiyo maana namwomba akae."

"Fungua geti!"

"Likionekana begi nafungua. Na wewe kaa, baba."

Mama mwenye miwani alitazama huku na huku. Mamia ya macho yalikuwa yanamwangalia kutoka chini, hayana hasira, yanasubiri tu. Akakunja kitenge chake, akakaa kwenye sakafu ya saruji. Wenzake wakamfuata. Mwisho alikaa afisa, kwa shida, maana suruali ilimbana. Mtu mmoja, mpaka leo sijui nani, alikuwa ameinua simu akirekodi.

Aliyesema wa kwanza ni dereva mmoja mzee. "Jamani," akasema akiwa chini, amenyoosha mkono, "begi jeusi? Si nimelihamishia gari la pili? Jua lilikuwa linalipiga."

Wapishi walicheka wakashikana mabega. Mama mwenye miwani naye alicheka, akainuliwa, akajipangusa, akamwambia baba mdogo, "Mzee, ningekuwa na walinzi kama ninyi nyumbani kwangu!" Yeye hakukasirika. Niliona. Aliyekasirika ni aliyekaa wa mwisho.

Video ilizunguka kwenye simu za watu kabla pilau halijapoa. Kwenye video huoni begi, huoni dereva, husikii kicheko. Unaona afisa mnene anashuka chini taratibu, na mzee wa kizibao cha kung'aa amesimama mbele yake.

Kesho yake afisa alitukusanya. Sauti ya redio ilikuwa imemtoka. Alisema kikosi kimevunjwa, kwamba hii ni serikali si zizi la ng'ombe, kwamba tumeaibisha mkoa. Baba mdogo akauliza kosa ni lipi, maana aliambiwa afanye mjini aliyokuwa akifanya kijijini. Afisa akasema hakuwahi kusema maneno hayo. Alinitazama mimi aliposema hivyo. Nilisema, "Ulisema, mheshimiwa. Ukiwa na kikombe cha maziwa mkononi."

Nilidhani nimejiharibia kabisa pale. Kumbe wiki iliyofuata, kampuni ya ulinzi iliyoletwa kutoka nje ya mkoa ilihitaji mtu mmoja anayewajua wenyeji na lugha yao, na afisa hakuwa na mwingine mwenye cheti cha kidato cha nne. Nikaenda kwanza kwa baba mdogo. Alikuwa anashona kamba ya ngozi.

"Wameniita," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Nisiende?"

"Mama yako ataishi na nani usipoenda?" Akaendelea kushona. "Nenda, ng'wanone, mwanangu."

Nikavalishwa nguo nyeusi na buti. Msimamizi wa kampuni, kijana aliyetafuna bigijii mchana kutwa, alianza kwa kuliondoa lile benchi. Maji ya bomba yakawa ya wafanyakazi. Mgeni asiye na kitambulisho wala miadi asivuke mstari. Na kazi yangu, ile niliyoajiriwa kuifanya, ilikuwa kuwaambia watu wa kwetu kwa Kisukuma kwamba hawaruhusiwi. Wengine walinijibu kwa upole. Wengine walinitazama buti tu.

Siku moja akaja baba mdogo. Alikuwa anafuatilia mpaka wa shamba lake. Tukasalimiana kama kawaida, nikainama, akaniuliza habari za mama. Msimamizi akasogea.

"Huyu ana miadi?"

"Huyu ni baba yangu."

"Ana kitambulisho?"

Baba mdogo akacheka kidogo, akanionyesha kwa kidole. "Kitambulisho changu ni huyu."

"Mzee, toka kwenye mstari. Toka." Na akamshika bega, akamgeuza kama unavyomgeuza mtoto aliyekosea darasa.

Nilisema, "Mwache." Nilisema mara mbili. Baba mdogo akaninyamazisha kwa kiganja, akapanda baiskeli yake, akaenda. Watu wawili wa Ngulyati walikuwa ng'ambo ya barabara wakiangalia. Walichoona wao ni mtemi wao anasukumwa, na mtoto wa ndugu yake amesimama pembeni na buti.

Sungusungu walikaa kikao. Baba mdogo alijitoa kwa sababu ya undugu, na niliambiwa alinitetea, lakini hakukalia kiti siku ile na neno lake halikuwa na uzito. Hukumu ilikuwa ile ya zamani: kutengwa. Mtu asinisalimie, asinipe moto, asile kwangu, asinizike. Mpaka niache kazi na kutoa dume la ng'ombe liliwe na kijiji. Na kwa kuwa nilikaa kwa mama, nyumba ya mama ndiyo iliyotengwa.

Wazee wale walikuwa wameonewa na afisa. Walikuwa wamecheza kwata juani, wakamlindia vioo vyake, wakafukuzwa kama mbwa wa jirani. Afisa hawakumweza. Msimamizi wa bigijii hawakumweza. Mimi waliniweza. Nimeliwaza hili katika miji mingi na bado sijaona walichotofautiana na yule afisa.

Mama hakulalamika. Alikwenda kisimani, wanawake wakasogea pembeni wakamwachia kisima peke yake, akateka, akarudi. Tulikuwa tunakaribia kuvuna pamba. Kwetu watu huvuna kwa kusaidiana, leo kwako kesho kwangu, na pamba iliyopasuka haimngojei mtu. Shamba lile lingekuwa jeupe mpaka mvua ilichafue.

Kuacha kazi ningeweza. Dume la ng'ombe nisingepata, na mama asingekubali kuuza shamba ili anunue dume la kuwalisha wao. Katibu wa sungusungu alimpitishia mama habari kupitia mtoto wa shangazi: mimi nikiwa siko kijijini, nyumba haina wa kutengwa. Ndivyo walivyomhurumia.

Nikavua buti, nikaziacha getini juu ya meza ya msimamizi. Nikapanda basi la kwenda Shinyanga. Siku hizi nipo Kahama tena, nalinda mashine ya kukoboa mpunga, na mwenye mashine hajui jina la kijiji nilikotoka.

Mama alinipigia simu wakati wa kuvuna. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi, mtu anaimba, wengine wanamwitikia. Alikuwa na furaha, sauti yake ilikuwa ya msichana. Wamekuja wote, akasema, hata baba yako mdogo yuko huku anafunga marobota. Nikamuuliza kama ninaweza kuja wikiendi, nisaidie hata siku moja.

Ule wimbo ukaendelea.

"Usije kwanza," akasema. "Hatujamaliza."