Wakwe zangu walisimama juu ya paa langu wakiuliza nyumba iko wapi

Wakuu, chamgei nyote, wa huku milimani na nyinyi wa kule chini kwenye joto.

Juzi mtu aliweka hapa picha za nyumba za kisasa zilizojengwa kufuata mlima, paa la nyasi, madirisha makubwa yanaangalia bonde. Comments zote zikawa "wazungu wametuacha mbali". Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Hiyo kitu nilijenga Kapkatet miaka ya tisini, na nusura inikoseshe mke. Sitaweka chumvi. Mke mwenyewe amekaa hapa kando anasoma kila mstari.

Wakati huo nilikuwa nachora ramani za nyumba kwa ofisi moja Nairobi. Sikuwa architect, nilikuwa yule jamaa wa nyuma mwenye rula na kalamu ya wino. Miaka mingi nilikuwa nasawazisha milima ya watu kwa penseli, bila hata kuifikiria.

Halafu mzee wangu akanigawia plot yangu mwenyewe.

Nikisema plot, watu wa Eldoret msifikirie uwanja. Ni mteremko. Juu kuna barabara ya murram, katikati nyasi, chini majani chai mpaka mtoni. Ukiangusha chungwa pale barabarani, utalifuata kwa mto.

Kwetu siku hizo nyumba ya mtu aliyesoma ilikuwa na sheria zake. Unachimba mlima mpaka uwe sawa kama meza. Unaweka nyumba ya mawe, mabati yanang'aa, na mlango unaangalia barabara ili wapita njia wajue wewe ni nani.

Jirani yetu alifuata sheria zote. Mvua ya April ikaangusha ule ukuta wa udongo aliouchimba, ukaingia jikoni kwake bila hodi. Mwingine ukafunika chai. Alikaa msimu mzima na wheelbarrow, akitoa huku, unashuka kule.

Nikasema mimi sitaanza vita na mlima ambao nitalala nao maisha yangu yote.

Basi nikachora nyumba inayoegemea mteremko. Mgongo wake uko ndani ya kilima, uso unaangalia chai na bonde. Sebule iko juu, vyumba vinashuka ngazi chache jinsi ardhi inavyoshuka. Mawe tulitoa hapo hapo kwa plot. Veranda ilizunguka mti wa emitiot, ule ambao mama hutumia makaa yake kusafisha vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha. Ningeukata huo mti, mama angenikata mimi.

Na paa? Slab ya saruji. Juu yake lami, karatasi ya nailoni, changarawe, udongo, kisha nyasi. Nyasi za paa zikaungana na nyasi za kando ya barabara. Ukipita juu huoni kitu, labda bomba la moshi.

Fundi wangu alikuwa Nyabuto, Mkisii mmoja mcheshi sana, anajua mawe kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya kazi naye. Alikubali kila kitu isipokuwa paa.

"Boss, sasa mabati inakuja lini?"

"Hakuna mabati, Nyabuto."

Kesho yake: "Boss, ile mabati..."

Mwishowe alikubali, lakini akaniambia, "Sawa, lakini watu wakiuliza ni nani amejenga, usitaje jina yangu."

Mama naye alizunguka nyumba mara moja, akasema kwa Kipsigis, "Kijana yangu, umejizika mapema."

Sasa shida ilianza hapo. Nilikuwa na mchumba, Chelangat, msichana wa Kiptere. Tulikuwa tumebakisha koito, ile siku familia mbili zinakaa pamoja kukubaliana ndoa. Habari zikafika Kiptere kabla yangu. Zikafika zimenenepa. Kwamba yule kijana wa Kapkatet anaishi kwa shimo kama fuko.

Baba yake, Mzee Rono, akasimamisha kila kitu. Alisema hatoi msichana kwa mtu ambaye nyumba yake haionekani. Atakuja aone kwa macho yake, na huko huko atasema ndiyo au hapana.

Chelangat alinitafuta akiwa amenuna. "Mimi hiyo nyumba naipenda," akaniambia. "Lakini unajua baba. Akisema hapana, imeisha."

Wakuu, niliogopa. Nilifikiria hata kununua mabati niyalaze tu juu ya nyasi kwa hiyo siku moja. Nyabuto alifurahi sana kusikia hivyo. Mzee wangu, ambaye hata yeye hakuipenda nyumba, ndiye alinikataza. Alisema kama ni aibu, tuionyeshe yote.

Siku ikafika. Mzee Rono alikuja na shemeji yake, Mzee Too, mjomba wa Chelangat. Wale wa kwetu wanajua mjomba ni nani katika mambo ya ndoa. Akikohoa tu, watu wananyamaza.

Mimi na mzee wangu tulikuwa ndani tukisubiri kusikia pick-up. Hatukusikia chochote. Nikatoka kwa veranda, nikaangalia juu.

Wazee wawili wamesimama juu ya paa langu, makoti mazito, fimbo mkononi, wanatafuta nyumba kule chini kwa chai. Kando yao ng'ombe wa jirani anakula nyasi bila wasiwasi.

"Chamgei, kijana," Mzee Rono akasema. "Nyumba iko wapi?"

"Mzee, mmesimama juu yake."

Waliangalia miguu yao. Mzee Too akarudi nyuma polepole, anakanyaga kama mtu aliye kwa barafu. Ng'ombe hata hakuinua kichwa.

Walishuka, wakaingia, wakakaa. Mama akaleta mursik. Mzee Rono aliangalia kuta na lile dirisha kubwa la upande wa bonde. Mzee Too ndiye alianza kazi.

"Hii nyumba imepatia barabara mgongo. Umegombana na watu wa barabara?"

Nikamwambia nilitaka kuamka nikiona bonde.

"Bonde umeliona tangu uzaliwe."

Mzee wangu akajaribu kunitetea, akasema angalau ndani hakuna baridi. Haikusaidia. Mzee Too akatingisha kichwa, na mimi nikaanza kuona koito ikienda na maji.

Kisha ikaja mvua, kama kawaida ya kwetu baada ya chakula cha mchana. Na haikuwa mvua ya maji, ilikuwa ya mawe.

Hapa niwaeleze nyinyi mnaotoka nje. Kericho na Bomet mvua ya mawe ikipiga mabati, mazungumzo yanakufa. Hata mtu akipiga nduru karibu nawe, utaona mdomo tu. Kwa hivyo wazee wetu wamezoea: mvua ikianza katikati ya mambo ya ndoa, huo ndio wakati wa kamukunji. Kila upande unainamiana, unapigiana kelele masikioni, unapanga siri zake mbele ya wenzake bila wasiwasi wowote.

Mzee Too aliona mawe yakiruka pale nje. Hakungoja. Akamwinamia Mzee Rono, akaweka kiganja kando ya mdomo, na kwa nguvu zake zote akasema:

"MIMI NIMEIPENDA HII NYUMBA! LAKINI TUSIWAONYESHE! TUKATAE KIDOGO KWANZA!"

Na Mzee Rono, kwa mazoea yale yale, akamjibu:

"HATA MIMI! NAFIKIRIA ILE YANGU YA KIPTERE, INAWEZA KUPANDWA NYASI?"

Halafu wakaona tunawaangalia.

Wakuu, chini ya ule udongo na zile nyasi, mvua ya mawe ilikuwa inasikika kama mtu anayepepeta mtama chumba cha pili. Tulikuwa tumesikia kila neno. Mama kule jikoni aliangusha sufuria, kisha nikasikia anacheka mpaka anakohoa.

Mzee Rono alisimama, akaenda dirishani, akaangalia mawe yakirundikana kwa veranda. Akaangalia dari. Akaangalia mawe tena.

"Kelele imeenda wapi?" akauliza.

Mzee wangu alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Mzee Too alijaribu kukaza uso, ukamshinda, akapasuka kicheko hata fimbo ikaanguka.

"Sasa tutakataa aje," Mzee Rono akasema, "na mmeshasikia?"

Akarudi kukaa, akaomba mursik nyingine. Maswali yote yaliyofuata yalikuwa ya lami na changarawe.

Nilijifunza hivi: kama ardhi yako ina mteremko, ufuate. Mlima unajua maji yake yanapita wapi. Na watu wakikucheka, usibishane nao barabarani, waingize ndani wakae. Ndiyo, ilivuja, mara moja, pale kando ya bomba la moshi. Tuliziba. Nyabuto siku hizo alikuwa ameanza kuambia watu wa Kaplong kwamba design ilikuwa yake, na mimi nilimwachia.

Nani mwingine hapa amejenga bila kukata mlima? Mlifanyaje na maji? Na wakwe walisema nini? Nataka kusikia, hata wa kunicheka karibuni.

Nimesahau kuwaambia tarehe ya koito. Wakati wanaondoka, chai yote pale chini ilikuwa imechanwa na mawe, imebaki vijiti. Mzee Rono alisimama akaiangalia, akamwambia mzee wangu, "Hii ikichipuka, mje koito."

Kila asubuhi kabla ya uji nilikuwa nashuka kwa ile chai, nainama, natafuta jani.