Ndoo ya Mchele Iliyokwenda kwa Tatu

Aibu yenyewe siifichi tena, maana nikiificha wenzangu wa kijijini kwetu Ipyana wanaisimulia kwa kuongeza chumvi, wanasema nilipanda juu ya kaunta (uongo, lilikuwa benchi) na kwamba nilivua kilemba nikampiga nacho dada wa vifurushi (uongo, kilianguka chenyewe). Kwa hiyo kaeni niwaambie mwenyewe, na atakayecheka kabla sijamaliza aondoke, kwa sababu hasira zangu hazijaisha, na nikianza kusimulia zinapanda upya.

Kwanza mjue hili. Nimeolewa kwenye ukoo unaoshika mila, na kwa mila yetu sisi Wanyakyusa mkamwana hamtaji baba mkwe wake jina wala hakai naye mahali pamoja, akimwona anakuja njiani anajifunika na kupitia migombani. Wengi siku hizi wameshaacha, wanakaa sebuleni na wakwe zao wanaangalia mpira. Mimi sikuacha. Wiki niliyoolewa mama mkwe alinikalisha chini akaniambia jina la mzee lisipite mdomoni mwangu, nikasema ndaga mama, asante, nimesikia, na miaka ishirini na mbili halikupita, na nilijivunia, tena nilijivunia kupita kiasi. Sasa mume wangu Asajile, mtu mzima na akili zake, mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa akampa jina la nani? La baba yake. Basi mwanangu wa kumzaa sijawahi kumwita jina. Namwita Tata, yaani baba kwa kilugha chetu, na nyumba nzima ikafuata, akakua hivyo.

Tata alihangaika miaka miwili kutafuta nafasi ya mafunzo ya jeshi. Alikatwa mara ya kwanza, akakatwa mara ya pili, ya tatu akapata, akaenda zake kambini, mkoa wa mbali. Sasa Jumatatu asubuhi akanipigia kwa simu ya afande mmoja (kuruta hawaruhusiwi kuwa na simu zao) akaongea harakaharaka kama anayefukuzwa, "Mama, Ijumaa wanahakiki vyeti halisi, nakala hawazitaki, asiye navyo anarudishwa nyumbani siku hiyohiyo." Na vyeti halisi vilikuwa wapi? Kwangu, chini ya godoro, kwa sababu mimi ndiye niliyemkatalia asiende navyo, nikasema huko vitaibiwa. Asajile alikuwa amevuka mpaka kwenda Malawi kwenye msiba wa shangazi yake. Kwa hiyo kazi ikawa yangu peke yangu.

Nikafunga ndoo. Mchele wetu wenyewe, mpya, ule ukipikwa nyumba ya tatu wanajua. Vyeti nikasema nikiviweka juu kila mkono utavigusa, nikavitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga fundo, nikaufukia katikati ya mchele, na juu nikatandaza usipa wakavu, dagaa wa ziwani niliowanunua sokoni Lyulilo, ili mwizi akifungua aishie kwenye dagaa. Nilijiona nina akili sana siku hiyo.

Stendi ya Kyela, ofisi ya vifurushi vya basi, kulikuwa na dada mgeni wa huku, sijui ametoka Tanga sijui wapi, Kiswahili chake kinateleza kama mlenda na anauliza huku anatafuna ubani. "Jina la mpokeaji, mama?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa amesimama Mama Subi, mke wa kaka yake mume wangu, mkamwana wa mzee yuleyule kama mimi, na mdomo wake mnaujua. Nikitamka pale, mama mkwe atakuwa na habari kabla sijavuka daraja. Nikawaza kumwomba kalamu niandike, nikaona kuandika na kutamka ni dhambi ileile. Nikawaza kumwonyesha cheti chenye jina, cheti nimekifukia mwenyewe chini ya usipa. Ndipo nikasema, kwa sauti ya kujiamini kabisa, "Andika Tata. Tata Asajile."

Akaandika. Akanipa risiti, nikaikunja bila kuisoma, nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikatoka kifua mbele huku Mama Subi akinitazama kwa heshima.

Jumatano mchana Tata akapiga. "Mama, vifurushi vya Kyela vimekuja, changu hakimo." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na mwanangu si mtu wa kutetemeka. Nilimwambia tulia, nikakata simu, na toka hapo sikula. Nilimwona akilini anashuka kwenye basi na begi lake, miaka miwili ya kuhangaika imekwenda na maji, na watu wa kijijini wanamwuliza mbona umerudi. Na nilishajua ni nani wa kulaumiwa: yule dada mtafuna ubani.

Alhamisi nikawa stendi kabla hawajafungua vizuri. Sikusalimia. Nilianza kwa kusema mmekula mchele wa mwanangu, na watu wa bodaboda wakasogea, wauza machungwa wakasogea, nami nilivyoona wamesogea nikapanda kwenye benchi ili na wa nyuma wasikie, nikawaita wezi, nikawaita wachawi, nikamwambia yule dada ndoa yake haitadumu (Mungu anisamehe, hata hajaolewa), na kila nilipotaka kunyamaza hasira ikaniletea neno jingine. Mama Subi naye alikuwepo, sijui stendi ile anaishi au vipi, anasema tu, "Wape, mwenzangu, wape."

Dada hakunyanyua hata sauti. "Mama, risiti unayo?"

Nikafungua pindo nikamtupia. Akaikunjua, akasoma ili wote wasikie, "Mchele ndoo moja. Mpokeaji, Tatu Asajile."

Waliocheka sitawasahau, nawajua mmoja mmoja.

"Nilisema Tata," nikamwambia.

"Tata ndiyo jina gani, mama? Mimi nilijua ni lafudhi tu ya huku, unamaanisha Tatu."

Lafudhi. Mimi, mwanakwaya, msomaji wa matangazo kanisani, lafudhi. Ningeshuka pale nikamvaa, lakini alikuwa ameshapiga simu kambini, ameweka spika, na sauti nzito ya afande wa stoo ikajaa ofisi nzima. Akasema ndiyo, ndoo ipo, Tatu Asajile ametafutwa kombania yote ya wasichana hayupo, na utaratibu wao ni kwamba chakula kisicho na mwenyewe kinaingia jikoni. "Leo mchana kinapikwa. Wanauosha sasa hivi."

"Afande, humo ndani mna vyeti vya mwanangu."

"Ndani ya mchele?"

"Katikati."

"Kuruta wako anaitwa nani? Jina kamili, upesi."

Nikaanza kujiumauma. Nikasema ni mrefu, mweupe kidogo, ana kovu kwenye nyusi. Nikasema baba yake ni Asajile. Nikasema jina lake ni lile la babu yake.

"Mama, babu yake mimi simjui," afande akasema, na stendi nzima ikaangua kicheko.

Nikamgeukia Mama Subi, nikamwambia taja wewe. Akajifunika mdomo kwa kanga, akatikisa kichwa, akarudi nyuma hatua mbili. Yeye naye mkamwana! Watu zaidi ya thelathini pale, wawili tu tunalijua jina la mwanangu, na wawili hao ndio tusioweza kulitaja, na huko jikoni maji yanamwagwa. Kilemba kikaanguka. Hasira ikanishika, lakini safari hii si kwa yule dada, hasira ya ile wiki niliyokalishwa chini nikasema ndaga, nikainyakua simu, nikapiga ukelele nikiwa juu ya benchi, kichwa wazi.

"Gwakisa! Gwakisa Asajile Gwakisa!"

Kwenye simu, mbali kidogo, sauti ikaitika, "Nipo, afande." (Kumbe afande naye alikuwa ameweka spika, na kuruta walikuwa kwenye foleni ya uji wa asubuhi palepale, bakuli mkononi.) Na nyuma ya mgongo wangu, kwa wakati uleule, sauti nyingine ya polepole ikaitika, "Naam."

Nikageuka. Baba mkwe amesimama na baiskeli yake, kofia mkononi. Mtu alikuwa amempelekea habari kwamba mkwe wako anapigana stendi.

Sikuwa na kilemba, sikuwa na mgomba wa kujificha, nilikuwa juu ya benchi kama mhubiri. Nilichoweza ni kujifunika uso kwa mikono. Mzee, naye kwa mila hasemi nami moja kwa moja, akamsogelea yule dada akamwambia taratibu, "Mwambie huyo mama, mimi sijawahi kumkataza mtu jina langu. Hayo ni ya mama Asajile na dada zangu. Mimi nilidhani hanipendi tu." Akapanda baiskeli akaondoka.

Miaka ishirini na mbili ninapitia migombani na matope hadi kwenye magoti.

Mfuko ulielea kwenye sufuria ya kuoshea, mpishi alikuwa ameshautupa pembeni akidhani ni takataka, Gwakisa akaukimbilia akaukuta. Mchele wakala kambi nzima, naambiwa waliusifu sana, na ulivyosifiwa ndivyo nilivyokasirika. Mama mkwe kwa upande wake akatuma ujumbe kwamba natakiwa nilete kuku wa faini kwa kuuchafua mdomo. Nikamrudishia mjumbe: sina kuku wa hivyo, na akiwa na shida na jina la mumewe wakae wenyewe wawili walizungumze. Nimeapa, kuanzia sasa chochote nitakachotuma popote nitataja majina yote matatu, mzee awepo asiwepo, na risiti nitaisoma papohapo dirishani.

Ijumaa jioni mwanangu akapiga. "Mama, vyeti vimepita." Nikamshukuru Mungu, nikalia, nikaanza kumweleza habari za yule dada, akanikatiza.

"Mama, jana ulivyoniita, sikujua ni wewe. Nilisikia mwanamke ananiita, sikuijua sauti."

Ana miaka ishirini na moja.

"Hebu niite tena," akasema, "afande anataka simu yake."