Dawa Inayofunga

Neno lililotuharibia nyumba lilitoka kwa daktari, na alilisema kwa nia njema.

Mdogo wangu alikuwa akichimba kobalti hapa Kolwezi. Kabla ya kuteremka shimoni alilamba unga wa kahawa, mkavu, ili usingizi usimshinde. Alipoanza kusikia watu wakimwita kutoka chini ya ardhi, nilimpeleka hospitali. Wazazi wetu walishakufa. Hapakuwa na mwingine wa kumpeleka.

Niliacha shule mapema, kwa hiyo daktari alinieleza polepole. Ndani ya ubongo, dopamini ni ujumbe, na seli zina vipokezi vya kuupokea. Kipokezi cha dopamini kimeshikana na jirani yake, kile kinachopokea ujumbe wa uchovu. Jirani huyo akiamka, humfanya mwenzake alegeze mkono. Kahawa humziba jirani, basi wa dopamini hubaki bila wa kumzuia, na ujumbe ukizidi mtu husikia yasiyokuwapo.

“Kahawa iishe,” alisema. “Na dawa hii itafunga kipokezi cha dopamini.”

Nyumbani nilimweleza mama mdogo, ndugu wa marehemu mama, vilevile nilivyoelezwa. Alisikia neno moja tu. Kwetu, mtu aliyefungwa ni mtu aliyerogwa: hapati kazi, hapati mke.

“Mutoto wa dada yangu haiko mbuzi,” aliniambia. “Unamufunga kwa nini? Unataka ubakie na nyumba?”

“Mama, ni dawa tu.”

“Mwenyewe umesema inafunga.”

Dawa ilizinyamazisha zile sauti, lakini ilimkaza mwili. Alitembea kama aliyebeba gunia. Kwa mama mdogo huo ulikuwa ushahidi. Nilipokuwa sokoni alimpeleka kwenye chumba cha maombi akafunguliwe, na vidonge vikatupwa chooni. Baada ya muda mikono ikalainika, akacheza mbele ya waumini. Mama mdogo alinitazama kama mchawi aliyeshindwa.

Sauti zilirudi. Mimi na majirani tulimkuta kwenye mabaki ya migodi upande wa Kingamyambo, akichimba kwa vidole, akiwajibu walio chini. Nilipomrudisha hospitalini, mama mdogo hakufika. Alituma watu waseme nimemfunga tena.

Safari hii dawa ilichelewa kumshika, na hajawa yule wa zamani. Namwogesha, namnyima kahawa. Majirani wakipita mlangoni hupunguza sauti. Jana aliniuliza mimi mkubwa wake, “Yaya, utanifungua siku gani?”

Nilimwekea kidonge mkononi, nikangoja ameze.