Pole Zilizomtangulia Mjomba

Jana binamu yangu wa Dar es Salaam alinitumia kiungo cha tovuti ya kumbukumbu aliyomtengenezea Bibi. Niliifungua, ningefanyaje. Bibi yuko pale na gauni lake la kanisani, na chini ya picha kuna mshumaa ambao ukiugusa kwa kidole unawaka. Watu wengi wameuwasha. Wengi wao siwajui, na nina hakika hata Bibi hakuwajua. Nikaizima simu kwa hasira nikailaza kifudifudi mezani.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, habari ya kifo ilikuwa ikifikaje kwetu Kagondo nilipokuwa mtoto. Labda utanielewa.

Nililelewa na Bibi, katika nyumba iliyotandikwa majani sakafuni. Kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kutoa yaliyokauka na kutandika mabichi, na nyumba ikanukia hadi jioni. Nje ni migomba, katikati ya migomba ni mibuni, na jikoni ndizi na maharage vinatokota sufuria moja huku moshi ukituwasha macho. Mgeni akiingia hakuulizwa shida yake. Alikaa kwanza, salamu za kasinge waitu zikaenda na kurudi, kisha Bibi akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa zikakaushwa. Nilizipenda mno, na nilikuwa nikiziiba.

Aliyetumwa kupeleka habari za vifo alikuwa jirani wa kibanja cha chini, shamba la migomba lililopakana na letu. Usidhani alikuwa mtu wa siri. Siku za kawaida alikuwa mmbea hasa. Mkigombana asubuhi, mchana mtaa mzima unajua, tena na chumvi juu yake. Lakini akitumwa msiba alikuwa mtu mwingine. Alivaa koti hata kama jua ni kali, akaja polepole. Akikaribishwa kahawa alizipokea kwa mikono miwili, akazifumbata, asitafune. Bibi akiona hivyo alinituma mbio nikamwite mama wa nyumba ya pili aje akae karibu naye. Wakishaketi bega kwa bega ndipo yule bwana aliposema, "Waitu, mgonjwa wetu ametushinda." Neno kufa sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Kwetu kila mtu alitumiwa mtu. Hata yule mnayegombania mpaka wa shamba alitumiwa. Bibi alituambia kwamba ukisikia habari ya mzazi wako barabarani kama mpita njia, basi ujue ukoo umekukata.

Mwaka huu Bibi alifariki, asubuhi, hospitalini Bukoba. Mama, binti yake, anaishi Kimwani, kule Muleba, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu baba, na ana presha. Sisi tuliokuwa pale tukakubaliana habari isitoke kwanza. Mjomba, kaka yake mama, aende mwenyewe, pamoja na mama mmoja wa mtaa wa Bakoba, hapo mjini, aliyesoma na mama tangu darasa la kwanza. Niliwasindikiza hadi stendi. Njia nzima mjomba alikuwa akinong'ona maneno atakayoanza nayo, kisha anayabadilisha.

Hawajafika hata Muleba mjini, binamu akaweka picha ya Bibi kwenye kundi la ukoo kwenye simu. Mishumaa, vikatuni vya kulia, pumzika kwa amani Bibi yetu. Alikuwa amepigiwa na mmoja wetu, akaambiwa asubiri. Baadaye alisema alitaka watu wajue mapema. Mapema ya nini? Bibi alikuwa haendi popote.

Mama alikuwa peke yake jikoni, anamenya ndizi. Simu ile tulimnunulia ili awaone wajukuu zake. Ilipolia, alifuta mikono kwenye kanga, akafungua akidhani ni picha ya mtoto. Kisha pole zikaanza kumiminika. Na mama yangu, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaanza kuzijibu moja moja, kwa kidole chenye utomvu wa ndizi. Asante. Asante sana. Asante mwanangu. Nimezisoma zote, na sijui nani kati ya watu wale aliwahi kujiuliza mama amekaa na nani.

Mjomba alimkuta bado anaandika. Hakuwa analia. Aliinua uso akamtazama kaka yake pale mlangoni, akasema, "Nimewakosea nini, hata nisitumiwe mtu?"

"Dada, mimi ndiye niliyetumwa."

"Wewe umekuja kwa sababu umesikia nimeshajua."

Siku ya mazishi mama alikaa mbali naye. Mpaka leo mjomba akipiga simu haipokei. Watu hawa wawili walilala mkeka mmoja utotoni, na sasa wanasalimiana kupitia kwangu.

Yule jirani tulishamzika zamani, na hakuna aliyejifunza kazi yake, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba ni kazi. Tuliona ni mzee tu, anatembea taratibu. Binamu naye si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alimpenda Bibi. Anashangaa kwa nini mama hajaandika chochote kwenye tovuti.

Leo asubuhi nimempigia mama, nikamweleza tena. Nimemwambia nilikuwepo stendi, nilimwona mjomba kwa macho yangu akipanda gari kabla picha ile haijawekwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijibu kwa upole kwamba mimi ni mtoto mwema, ninajitahidi kuwafichia aibu yao.