Mrefu, Mfupi na Mimi Katikati

Timu ya kata yetu hapa Makambako ilikuwa na washambuliaji wawili, na mimi, mjumbe wa kamati, nilijiona najua thamani yao kuliko mama zao waliowazaa. Mmoja tulimwita Mrefu. Akikimbia utadhani anafukuzwa na nyuki, na ndiye aliyekuwa akifunga. Mwenzake, Mfupi, mkulima wa viazi kutoka Mdandu, nilimwona akisukumana tu na mabeki mpaka filimbi ya mwisho.

Klabu moja kubwa kuliko yetu ikaomba tuwaachie mmoja, tuchague wenyewe.

Kwenye kikao nilisimama. Mimi ni muuza mbao, lakini siku hiyo ungedhani nilizaliwa kwenye kona ya uwanja. "Mshambuliaji asiyefunga ni jembe lisilo na mpini," nikasema. "Mfupi aende."

Kocha alinisikiliza, akakuna kidevu. "Jumamosi tuna bonanza Njombe na maveterani wa kule, na wachezaji hawatoshi. Njoo ucheze mbele, mzee. Kipindi cha kwanza na Mrefu, cha pili na Mfupi."

Ningekataa, ila nilikuwa nimeshawatangazia wote kwamba enzi zangu nilikuwa hatari. Ukweli ni kwamba enzi hizo, shuleni, kazi yangu ilikuwa kushika masweta ya wenzangu.

Mke wangu alinitafutia bukta ya zamani. Akaipima kwenye tumbo langu, akacheka hadi akakaa chini. "Baba, hii ni ya kabla hatujaoana."

Njombe tulikuta ukungu na manyunyu. Beki aliyepangwa kunikaba alikuwa muuza nyama mwenye mgongo mpana kama mlango wa godauni. "Kamwene," akanisalimu kwa adabu, kisha hakuniacha tena. Kila mpira ulipokuja, yeye aliupata mpira na mimi nikapata matope. Mrefu akachukua wake pembeni, akawapangua mabeki, akafunga. Sikuwa nimegusa chochote, lakini niliinua mikono juu nikawapungia mashabiki.

Kipindi cha pili akaingia Mfupi. Kwa muda nilidhani muuza nyama ametolewa, maana sikusikia tena pumzi zake kisogoni. Kugeuka hivi, namwona Mfupi amempa mgongo, wanasukumana kama mafahali wawili kwenye mlango wa zizi. Mimi nimesimama peke yangu kwenye majani, kama mgeni aliyewahi mno harusini.

Mfupi akaupokea mpira kifuani, akaniwekea mguuni. Kipa alikuwa ameshalala, goli liko wazi. Nikavuta mguu kwa nguvu zangu zote, nikapiga ardhi. Mpira haukusogea. Mimi ndiye niliyeruka, nikatua chali, na uwanja mzima ukacheka, refa akiwemo.

Mfupi akaninyanyua. "Pole, mzee. Kaa hapohapo, utakuja mwingine."

"Nikae nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

Ukaja kweli. Ulinigonga gotini nikiwa bado natafuta pa kuficha uso, ukaingia wavuni. Nikatimua mbio kushangilia, na paja likakaza kabla sijafika kwenye kibendera cha kona. Walionibeba walikuwa wanne. Mfupi alishika mabegani, upande ulio mzito.

Kikao kilichofuata nilikwenda nikichechemea, na hotuba mpya kichwani. Nikaeleza kwamba Mrefu anapata nafasi kwa sababu kuna mtu anayewashika mabeki mbali naye, na kwamba kazi ile haionekani ukiwa umekaa kwenye benchi unakunywa chai. Mfupi abaki, nikasema. Nikakaa, nikisubiri washangae.

"Tulishaamua hivyo kikao kile kile," kocha akasema, "ulipotoka nje kupokea simu. Mrefu ameshafunga mizigo."

"Sasa Njombe mlinipeleka kufanya nini?"

"Tulikuwa wachache kweli, mzee."

Mechi ya kwanza bila Mrefu tulitoka suluhu. Mfupi alipambana na mabeki wale mpaka jezi ikachanika, lakini hakukuwa na wa kumalizia. Dakika za mwisho mtu mmoja akapiga kelele pembeni ya uwanja, "Kamati gani hii, inamwachia mfungaji aondoke!"

Watu wakageuka kunitazama, maana sauti ilikuwa yangu. Mke wangu akanivuta shati nikae.